Pai si 22/7 tu: namba inayoamua lita za tenki lako, unga wa keki yako na kasi ya gari lako

Wakuu, salaam kwenu.

Kila aliyepita darasa la saba aliiona sentensi hii kwenye karatasi ya mtihani: "Tumia π = 22/7." Wengi tuliitumia siku hiyo, tukapata alama zetu, tukaiacha hukohuko chumba cha mtihani. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini pai inamfaa mtu wa kawaida kuliko namba nyingi tulizokaririshwa, na kutoijua kunawala watu hela kila siku kwenye maji, bati, magogo na mafuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na likizo zangu nyingi huishia karakana ya kaka yangu anayechomelea matenki na mageti. Mifano yangu itatoka huko zaidi kuliko ubaoni.

Tuanze na kamba. Chukua kitu chochote cha mviringo: kifuniko cha sufuria, ringi ya baiskeli, mdomo wa kisima. Zungushia kamba ukingoni, ikate pale inapokutana. Sasa chukua kamba hiyo uilaze juu ya kitu chako kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ikipita katikati kabisa. Utavuka mara tatu, na kitabaki kipande kifupi, karibu moja ya saba ya upana. Jaribu kwa kizibo cha soda, jaribu kwa tairi la lori, jibu halibadiliki. Uwiano huo wa mzingo na kipenyo ndio pai: 3.14159265 na kuendelea bila mwisho.

Ukishaushika huo, kanuni ni mbili tu. Mzingo ni pai mara kipenyo. Eneo la duara ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Ukitaka ujazo wa kitu kilichosimama wima kama pipa, zidisha eneo hilo kwa kimo.

TENKI NA KISIMA

Tenki lenye kipenyo cha mita 1.1 na kimo cha mita 1.1: nusu kipenyo ni 0.55. 0.55 × 0.55 × 3.14 × 1.1 = mita za ujazo 1.04, yaani lita 1,040 hivi. Basi ukiuziwa tenki la "lita 1,500" na futikamba yako inasoma vipimo hivyo, una hoja ya kumuuliza muuzaji kabla hujatoa hela. Kisima cha kuchimba kwa mkono chenye upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3 kina lita kama 3,390. Ukijua hilo unajua pampu yako itavuta muda gani kabla ya kuanza kunyonya hewa, na anayetia dawa ya kusafisha kisima anajua apime kiasi gani. Dawa ya maji haikadiriwi kwa macho.

KIPENYO KIKIONGEZEKA MARA MBILI

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Bomba la inchi 2 halibebi sawa na mabomba mawili ya inchi 1. Linabeba sawa na manne, kwa sababu eneo linafuata nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Na kwa kweli linazidi manne, kwani ndani ya bomba pana msuguano wa maji na kuta ni mdogo kuliko kwenye mabomba membamba. Mtu anayelaza bomba jembamba kutoka kisimani ili aokoe hela kidogo atalipia pampu kubwa na umeme miaka yote.

Dada zetu na kaka zetu wanaooka keki, hii ni yenu. Mteja alizoea keki ya inchi 8, leo anataka ya inchi 12, unene uleule. Ukiongeza nusu ya mchanganyiko kwa kuwa 12 ni moja na nusu ya 8, keki itatoka nyembamba. 8 × 8 ni 64, na 12 × 12 ni 144. Gawanya 144 kwa 64 upate 2.25. Unga, mayai, sukari, siagi, vyote mara mbili na robo, na bei ifuate humohumo. Kutoka inchi 8 kwenda inchi 10 ni mara 1.56. Angalieni kwamba hapa pai yenyewe haikuandikwa popote, imekatana juu na chini. Ila bila kujua eneo la duara linavyokua usingefika kwenye jibu hilo.

TAIRI

Dashibodi ya gari haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya magurudumu kisha inaigeuza kuwa kilomita kwa kutumia mzingo wa tairi la kiwandani. Tairi la 195/65 R15 lina kipenyo cha sentimita 63.5 hivi, na kila mzunguko linatembea mita 1.99. Ukifunga 205/70 R15 ili gari liinuke, kipenyo kinakuwa sentimita 66.8 na kila mzunguko ni mita 2.10. Gari linaenda kasi zaidi kwa asilimia 5 kuliko dashibodi inavyodhani. Mshale uko kwenye 50, gari liko 52 na kitu. Dashibodi nyingi hutengenezwa zisome juu kidogo, kwa hiyo mara nyingine hilo linakuficha, lakini usitegemee huruma hiyo mbele ya tochi ya trafiki. Pia hesabu yako ya mafuta inaharibika: umetembea kilomita 105, gari limeandika 100, unaanza kumlaumu fundi kwamba gari linakula mafuta.

UWANJA WA RIADHA

Huu ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, na nawaomba walimu wenzangu wa michezo wausome taratibu.

Kiwanja rasmi cha mita 400 kina sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Mkimbiaji wa njia ya kwanza anahesabiwa anakimbia sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, kwa hiyo nusu kipenyo chake ni 36.8. Mara 2, mara pai, unapata mita 231.22. Ongeza 168.78 za sehemu zilizonyooka. Jumla ni 400 kamili. Aliyepanga vipimo hivyo alianza na pai.

Njia moja ina upana wa mita 1.22. Anayekimbia njia ya nje anazunguka duara kubwa zaidi, kwa hiyo kwenye mita 400 lazima aanzie mbele. Mbele kiasi gani? Nusu kipenyo kimeongezeka 1.22, basi mzingo umeongezeka 2 × pai × 1.22, ambayo ni mita 7.67. Njia ya pili peke yake inatangulia mita 7.04, kwa sababu kuanzia njia ya pili kipimo kinachukuliwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari badala ya 30. Kuanzia ya tatu, kila njia inaongeza 7.67. Wa njia ya nane anaanzia zaidi ya mita 53 mbele ya wa kwanza, na hakuna aliyependelewa.

Sasa jambo zuri lenyewe: nyongeza hiyo haiujui ukubwa wa uwanja. Shule yako ina uwanja mdogo wa nyasi wa mita 300, mmepiga mistari kwa chokaa, njia zina upana wa mita 1 kila moja. Kama wote mnapima kwa umbali uleule kutoka kwenye mstari, kila njia inatangulia 2 × 3.14 × 1 = mita 6.28 kwa mzunguko mmoja kamili. Kona kali au kona pana, jibu ni lilelile. Nimeona mashindano ya shule ambako wa nje wanasogezwa mbele kwa hatua za mwalimu, mtoto mwenye mbio anatolewa kwenye timu kwa sababu alikimbia mita kadhaa zaidi ya wenzake. Tunaotafuta vipaji vya UMISSETA na UMITASHUMTA (michezo ya shule za sekondari na za msingi Tanzania) tuna wajibu wa kuwapimia watoto haki yao, na kinachotakiwa ni futikamba na namba moja.

Nitaendelea kujibu maswali humuhumu. Karibuni.

---

"Mwalimu, kichwa cha uzi kinasema pai si 22/7. Sisi tulifundishwa ni 22/7. Tulidanganywa?"

Hapana mkuu, mlipewa makadirio mazuri bila kuambiwa kuwa ni makadirio. 22/7 ni 3.142857..., pai ni 3.141592... Tofauti inaanzia tarakimu ya tatu baada ya nukta. Na hili huwashangaza wengi: 22/7 iko karibu zaidi na pai kuliko 3.14. Mtihani wenye 22/7 huwa na nusu kipenyo cha 7, 14 au 21 ili saba zikatane, ndiyo maana wanafunzi wengi wanaondoka wakidhani maduara yote ya duniani yana vipimo hivyo.

22/7 ina mwenyewe. Archimedes wa Syracuse, kisiwa cha Sicily, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, alichora umbo la pande sita ndani ya duara na jingine nje yake, akaongeza pande kuwa 12, 24, 48, hadi 96. Akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71, na ni ndogo kuliko 3 na 1/7. Hiyo 3 na 1/7 ndiyo 22/7 yetu. Yeye aliiweka kama mpaka wa juu ambao pai haifiki. Sisi ndio tuliofuta mpaka tukaweka alama ya sawasawa.

Kabla yake Wamisri walikuwa wameshafika mahali pazuri. Kwenye mafunjo yaliyoandikwa na karani Ahmes, karibu mwaka 1650 kabla ya Kristo, eneo la duara linapatikana kwa kuchukua 8/9 ya kipenyo na kuizidisha kwa yenyewe. Hiyo ni sawa na kuichukulia pai kuwa 3.16. Kwa ghala la nafaka inatosha kabisa, na ghala la nafaka ndilo walilokuwa wakilipigia hesabu.

China, katika karne ya tano, Zu Chongzhi alipata 355/113. Hii ikariri: andika 113355, kata katikati, nusu ya pili juu, ya kwanza chini. Ukipiga mzingo wa dunia kwa kipenyo cha kilomita 12,742, 22/7 itakukosesha kwa kilomita 16. 355/113 itakukosesha kwa mita 3 na nusu hivi.

Kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba nzima mbili itakayolingana na pai kamili, hilo lilithibitishwa na Johann Lambert mwaka 1761. Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann akaenda mbali zaidi, akafunga kabisa mjadala wa maelfu ya miaka wa kuchora mraba wenye eneo sawa na duara kwa kutumia rula na bikari pekee. Haiwezekani. Alama ya π yenyewe si ya kale hivyo, William Jones wa Wales aliitumia mwaka 1706, na Leonhard Euler akaisambaza.

---

"Kuna nchi iliwahi kupitisha sheria ya pai?"

Ilikaribia. Jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1897. Daktari mmoja aliyeitwa Edward Goodwin aliamini ameweza kuugeuza mduara kuwa mraba, akapeleka muswada ili jimbo litumie ugunduzi wake bila kumlipa. Ndani ya muswada kuna mahali pai inatoka 3.2. Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 67 kwa 0. Bahati nzuri profesa wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Clarence Waldo, alikuwa bungeni kwa shughuli nyingine, akasikia mjadala, akawaelimisha maseneta. Seneti ikauweka muswada pembeni na hapo ukalala. Wawakilishi 67 na hakuna hata mmoja aliyeagiza kamba na sahani.

---

"Sasa matrilioni ya tarakimu yana kazi gani? Si kupoteza umeme?"

Kwa maisha ya kila siku, kweli hayana kazi, na ni vizuri kulisema wazi. Fundi bati anahitaji 3.14. Mhandisi akitumia tarakimu sita hana shida. NASA, shirika la anga la Marekani, kwa kuongoza vyombo kati ya sayari, wanatumia 3.141592653589793, yaani tarakimu 15 baada ya nukta. Chombo cha Voyager 1 kimepita kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Chora duara lenye nusu kipenyo hicho, piga mzingo kwa tarakimu hizo 15, utakosea kwa sentimita 1 hivi.

Na wazo hilo la kujiuliza "usahihi kiasi gani unatosha" ni la zamani. Al-Kashi, mwanahesabu wa Samarkand, mwaka 1424 aliipata pai hadi tarakimu 16. Hakusimama hapo kwa kuchoka. Alikuwa ameamua mapema kwamba anataka mzingo wa ulimwengu, kwa ukubwa uliodhaniwa wakati ule, usikosewe hata kwa unene wa unywele wa farasi. Akapanga hesabu zake zifikie hapo, akafika. Mimi namheshimu sana mtu huyo. Kupanga kosa unaloweza kulivumilia kabla hujaanza kazi ndiyo akili ya uhandisi yenyewe.

Rekodi kubwa za kompyuta zina faida ya pembeni: zinapima mashine. Emma Haruka Iwao na wenzake wa Google walifika tarakimu trilioni 31.4 mwaka 2019, na trilioni 100 mwaka 2022. Hesabu ndefu hivyo hufichua kasoro za kompyuta na za programu. Binadamu naye hukosea: William Shanks wa Uingereza alichapisha tarakimu 707 mwaka 1873 baada ya miaka mingi ya kazi ya mkono, na kosa la tarakimu ya 528 halikugunduliwa hadi miaka ya 1940.

---

"Mimi fundi cherehani. Sketi ya duara kamili nakata kwa kukisia, kiuno kinatoka kikubwa."

Fundi, hesabu yako ni fupi. Kiuno ni mzingo, wewe unatafuta nusu kipenyo cha kuchora. Gawanya kiuno kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 72 kinakupa 11.5. Kunja kitambaa mara nne, weka futikamba kwenye kona ya mkunjo, chora tao la 11.5, kisha toka hapo ongeza urefu wa sketi na chora tao la chini. Kitambaa kikatwacho kwa tao huvutika, hivyo wengi hupunguza kidogo, na nafasi ya mshono usiisahau. Lesi ya pindo nayo usikisie dukani: nusu kipenyo cha nje mara 6.28.

Fundi bati na mfunga nondo, yenu ni hiyohiyo kinyume chake. Bomba la moshi la kipenyo cha sentimita 20 linataka bati la 62.8, kisha uongeze la kukunjia. Ringi ya nguzo ya mviringo yenye kipenyo cha 25 inataka nondo ya 78.5, kisha uongeze ya kulalia.

---

"Vipi tenki lililolala? Nina la dizeli la jenereta, nikipima kwa fimbo hesabu haikubali."

Swali zuri sana, na ndilo linalowasumbua wenye vituo vya mafuta, kwa kuwa matenki yao ya chini ya ardhi yamelala ubavu.

Tenki la wima ni rahisi: fimbo ikilowa robo, mafuta ni robo. La kulala halitii hivyo. Chini ni jembamba, katikati ni pana, juu linakuwa jembamba tena. Fimbo ikilowa nusu ya kipenyo, hapo kweli una nusu. Lakini ikilowa robo, una asilimia 19.6 tu, na wengi wanadhani ni 25. Tenki la lita 1,000 fimbo ikisoma robo lina lita 196. Zaidi ya lita 50 ulizokuwa unazihesabu hazipo, na huenda umekuwa ukimshuku mlinzi wako bure. Juu mambo yanageuka: fimbo ikilowa robo tatu, una asilimia 80.4.

Jibu linatoka kwa kuchukua kipande cha duara kinachoanzia katikati, kama kipande cha keki, kisha kutoa eneo la pembetatu iliyo juu ya mafuta. Vituo hutumia chati iliyokwisha pigwa hesabu. Kwa tenki lako tengeneza ya kwako: fimbo ikisoma 1/4 andika 19.6, 1/2 andika 50, 3/4 andika 80.4, zidisha kwa ujazo wote. Ya katikati ya hizo niandikie kipenyo na urefu wa tenki nikupigie.

---

"Kwa hiyo pai ni ya maduara tu."

Hapana ndugu, na hapa ndipo inapopendeza. Funga jiwe kwenye kamba, iwe mita 1 kutoka ulipofungia hadi katikati ya jiwe. Lisukume kidogo tu, liende na kurudi. Kwenda na kurudi kunachukua sekunde 2. Hesabu mara 20 upate sekunde 40 hivi. Kanuni ya muda huo ni 2 mara pai mara kipeuo cha pili cha jibu la urefu kugawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Jiwe halikuzunguka popote, lakini pai imo, kwa sababu kila mwendo wa kwenda na kurudi una duara lililojificha ndani yake.

Umeme nao unakwenda na kurudi. Afrika Mashariki ni mara 50 kwa sekunde. 2 × pai × 50 ni 314, yaani pai mara mia moja, na namba hiyo mafundi wa umeme wanaiona kila wanapopiga hesabu za koili na kapasita. Kapasita ya feni ya maikrofaradi 2.5 inakinza umeme wetu kwa omu 1,270 hivi, na 314 ndiyo iliyoleta jibu.

Mwilini pia. Kanuni ya Poiseuille, daktari wa Ufaransa wa karne ya 19, inaeleza umajimaji unavyopita kwenye mrija mwembamba. Ina pai, na nusu kipenyo kimezidishwa kwa chenyewe mara nne. Mrija ukisinyaa hadi nusu ya upana wake, kwa mgandamizo uleule unapitisha moja ya kumi na sita tu. Mishipa halisi ya damu ina mambo mengi zaidi ya kanuni hiyo, lakini inaeleza kwa nini mgonjwa aliyepoteza damu nyingi anawekewa sindano nene na si nyembamba.

---

"Waya wa mita 100, nataka banda la kuku wa kienyeji. Mraba au duara?"

Mraba unakupa mita za mraba 625. Duara linakupa 796, kwa waya uleule. Zaidi ya robo umepata bure. Waliojenga nyumba za msonge na maboma ya mviringo hawakuwa wakifuata mazoea tu, ukuta uleule unafunika nafasi kubwa zaidi. Unachopoteza ni mpangilio: mabati ya kuezekea yanapenda kona, na mabanda mawili ya duara hayabanani. Kama una eneo la wazi na banda ni moja, piga duara kwa kigingi na kamba ya mita 15.9.

---

"Nanunua magogo. Muuzaji anapima kwa kuzungushia kamba, mimi nataka kipenyo."

Gawanya kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 157 ni kipenyo cha 50. Maafisa misitu wana futi maalumu iliyokwisha gawanywa kwa pai, wanazungushia mti kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, na kusoma kipenyo moja kwa moja. Gogo la kipenyo 50 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 0.785. Pima ncha zote mbili uchukue wastani, ukipima upande wa shina peke yake unalipia mbao ambazo hazimo.

---

"Mwalimu, nina kihenge cha bati, upana mita 1.2, kimo mita 1.6. Kitaingiza gunia ngapi za mahindi?"

Nusu kipenyo 0.6. 0.6 × 0.6 × 3.14 × 1.6 = mita za ujazo 1.81. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa huwa na kilo kama 720 kwa mita moja ya ujazo, hivyo una kilo 1,300, gunia 13 za kilo mia. Ukiyarundika juu hadi yafanye kichuguu cha sentimita 30, kichuguu hicho ni theluthi ya mcheduara (umbo la pipa) wa kimo hicho: 3.14 × 0.36 × 0.3, gawanya kwa 3, upate 0.113, yaani kilo 80 hivi nyingine. Ila kihenge cha bati lazima kifungwe kisiingize hewa, kwa hiyo hizo 80 zitafutie gunia.